Uwanja wa gofu wa familia: jinsi ya kupanga upya mashimo matatu ya mwisho

Kwetu shida ilionekana kwanza pale magari yanapoegeshwa. Jumapili jioni watu wanamaliza shimo la nane, wanajumlisha kadi, halafu badala ya kupanda kwenye tii ya tisa, pale pa kuanzia kupiga shimo la tisa, wanakata kushoto moja kwa moja mpaka kwenye gari, wanavua viatu, wanaenda zao. Shimo la mwisho hawalitaki kabisa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mashimo yako ya mwisho yanaumwa, usimtafute mtaalamu kwanza, angalia tu watu wanaondokea wapi.

Mimi ndiye naangalia uwanja wa familia yetu, mashimo tisa ndani ya shamba la chai huku milimani Kenya, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Babu alinunua shamba miaka ya 70, mashimo akayakuta humo humo. Kama viwanja vingi vya tisa huku kwetu, unazunguka mara mbili ndio upate kumi na nane, tii zinabadilika lakini grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo na bendera, ni zile zile, manake la saba, la nane na la tisa ndio hao hao kumi na sita, kumi na saba na kumi na nane. Kosa moja kwenye la tisa mwanachama analila mara mbili kwa siku. Ukilirekebisha anafaidi mara mbili pia, na ndio sababu pesa kidogo ya familia ikipatikana mimi nasema ianzie hapo mwisho na sio kule mwanzo.

Kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, kaa mwezi mzima uangalie. Sisi tulikata vijiti vya mianzi, vingine tukapaka rangi nyeupe, vingine njano. Vyeupe vya wanaume wanaopiga mbali, vya njano vya akina mama, vijana na wazee. Kila mpira wa kwanza ukitua, kedi, mbebaji wa mfuko wa mchezaji, anachomeka kijiti pale pale, wikendi nne mfululizo. Siku ya mwisho nikasimama kwenye tii ya tisa na kamera ya simu nikaona kitu ambacho nimeishi nacho tangu utotoni bila kukiona: vijiti vyeupe vyote vimerundikana chini ya mlima, mahali ambapo bendera huioni hata ukisimama kwa vidole, na vya njano hakuna hata kimoja kilichovuka mtaro. Yaani mtu mzuri anapiga mpigo wa pili kwa kubahatisha, na mama yangu mwenyewe analazimika kupiga mpira mfupi mbele ya mtaro kila siku ya Mungu. Kuna kedi mmoja mzee yuko hapa tangu mimi sijazaliwa, nikamwonyesha picha, akaniambia, "Hawaogopi mlima hao, wanaogopa kupiga mahali wasipopaona." Waulize kedi wako. Wanajua mipira inapotelea wapi, watu wanakasirikia wapi, wapi mzee fulani huomba kupumzika, na hayo yote hayamo kwenye ramani yoyote.

Halafu kikao cha familia, na hiki usikikimbie. Uwanja wa ndugu hauna bodi ya wakurugenzi, una baba mdogo anayeshika daftari la hesabu, shangazi mwenye hisa zake anayeishi Nairobi, mama anayeendesha jiko, na kila mmoja ana ndoto yake. Baba mdogo wangu alitaka grini ya kisiwa, katikati ya maji, kama ile ya shimo la 17 la TPC Sawgrass kule Florida. Nikamheshimu, nikamweleza ilivyozaliwa. Ule uwanja ulifunguliwa 1980, na mchoraji wake Pete Dye hakuanza na wazo la kisiwa, ila mchanga mzuri wa kujengea sehemu nyingine ulikuwa hapo hapo, wakachimba na kuchimba mpaka pakabaki shimo kubwa, ndipo mke wake Alice akasema basi wekeni maji, grini ibaki kisiwa. Kisiwa kilitokana na hesabu ya udongo. Swali la kuuliza kwenye kikao ni hilo: udongo nitautoa wapi na nitaupeleka wapi? Kila tipa inayotoka nje ya geti na kila tipa inayoingia ni pesa, na shamba la familia linaweza kujitosheleza ukipanga vizuri. Sisi udongo uliochimbwa kupanua bwawa la kumwagilia ndio uliojenga bega la grini mpya ya tisa, hatukununua hata tipa moja. Baba mdogo alipata maji yake, sio kisiwa lakini yapo upande wa kulia, na akatia sahihi bajeti. Andikeni kiasi, andikeni nani ana neno la mwisho, kila mtu asaini. Undugu mtamu lakini ekskaveta inadai kwa saa.

Sasa jua. Hili watu wanalisahau na ukishajenga huwezi kulisogeza. Huku kwetu karibu na ikweta jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na mwaka mzima tofauti haizidi kama nusu saa, kwa hiyo kundi la mwisho kila Jumamosi linamalizia na jua usoni kama shimo lako linaelekea magharibi. Chukua dira ya simu, simama kwenye tii, elekeza kwenye grini. Ikisoma kati ya digrii 245 na 295, wewe ndiye unaelekea jua linapozama, Juni likiwa upande wa kaskazini kidogo na Desemba upande wa kusini. La tisa letu la zamani lilisoma 268. Mlima, hauoni bendera, na jua machoni! Hata mimi ningeenda kwenye gari.

Kabla hujachora chochote, jiulize kama dawa si kubadilisha namba tu, manake hiyo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Augusta National, klabu ya Marekani, mashindano yao ya kwanza ya 1934 walicheza mashimo tisa ya sasa ya mwisho yakiwa ya kwanza, mwaka uliofuata wakayageuza. East Lake kule Atlanta walikuwa na shimo la 18 la paa 3, yaani la kumalizwa kwa mipigo mitatu, 2016 wakageuza tisa zao na sasa mashindano yanaishia kwenye paa 5 ambapo mtu anaweza kupata au kupoteza. Hawakuhamisha hata kilo moja ya udongo kwa hilo. Kwenye uwanja wa mashimo tisa inawezekana pia kama una grini nyingine karibu na klabu, anzisha mchezo kwenye shimo lingine ujaribu mwezi mmoja. Sisi tulijaribu, ikatushinda kwa sababu grini ya tatu iko karibu na klabu lakini ili uifikie lazima uvuke barabara ya matrekta ya chai, na wakati wa kuchuma haipitiki.

Kama kugeuza kumeshindikana, basi chora kuanzia mwisho kurudi nyuma. Wengi wanaanza la saba wakija la tisa, wanafika mwisho pesa imeisha na nafasi imeisha. Mimi nilianza na kiti barazani. Nilikaa kwenye kiti cha babu, kile cha kona, nikauliza, mtu akikaa hapa na chai yake anataka kuona nini? Anataka kuona mtu akipiga mpira wa mwisho kuja kwake. Kwa hiyo grini ya mwisho ikawekwa mahali panapoonekana kutoka barazani, chini kidogo ya macho, ili uone mpira ukitua na uone unavyotembea. Kutoka hapo ndio unarudi nyuma: mtu anapigia kutoka wapi, anafikaje hapo, tii ikae wapi. Ukimaliza la tisa unauliza la nane linamwacha wapi, na la saba linamleta vipi.

Lakini baraza isiwe karibu ya kuvunja madirisha. Tuliacha mita 50 kutoka katikati ya njia ya mpira mpaka ukuta wa klabu, na klabu iko kushoto, kwa sababu wachezaji wetu wengi wanaotumia mkono wa kulia mpira ukiwaponyoka unaenda kulia. Vijiti vilituonyesha hivyo. Angalia vyako, usichukue vya kwangu.

La tisa letu lilikuwa paa 4 ya yadi 410, kupanda. Tulisogeza grini kutoka juu ya kilima kuja kwenye kibonde chini ya baraza, tukasogeza tii nyuma na kulia kando ya uzio wa chai, na shimo likakunja kidogo kulikwepa jua. Sasa ni yadi 485, paa 5, na kwenye mzunguko wa kwanza unatumia tii ya mbele, yadi 425, paa 4. Shimo moja lenye sura mbili. Msione aibu kubadilisha paa, hata wakubwa wanafanya. Lile la 18 la Pebble Beach pale kando ya bahari California, ambalo kila mtu analijua kwenye televisheni, lilizaliwa paa 4, likarefushwa kuwa paa 5 mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Herbert Fowler. Bay Hill ya Orlando, ambayo nayo ni ya familia, ya kina Arnold Palmer, shimo lao la 16 walilifanya paa 4 mwaka 2007 na 2010 wakalirudisha paa 5. Mtu aliyejenga jina lote hilo alikubali kurudi nyuma, sisi ni nani tusikubali.

Kuhusu urefu, kumbuka uko mita ngapi juu ya bahari. Hewa nyepesi mpira unaenda. Mtu anayepiga yadi 200 Mombasa, huku kwetu anafika kama 212 hadi 216. Ukinakili vipimo vya uwanja wa pwani shimo lako litakuwa fupi na utashangaa kwa nini banka zako, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, hazimgusi mtu.

Nini hasa kinafanya shimo la mwisho liwe zuri? Mimi nimelifikiria sana hili na naamini ni kitu kimoja: mtu asiwe ameshajua matokeo kabla hajapiga. Aliye nyuma kwa mpigo mmoja awe na njia ya kuupata, aliye mbele awe na kitu cha kuogopa, na anayecheza kwa kujifurahisha awe na njia ya kupita bila kuumia. Kwenye la tisa jipya ukipiga mpigo wa pili kulia, juu ya kona ya bwawa, unafika grini kwa miwili. Ukipita kushoto kuna nafasi pana kama uwanja wa mpira lakini mpigo wako wa tatu unakuja na mteremko unaokusukuma kuelekea majini. Mama anapita kushoto kila siku na kila siku ana nafasi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoitaka.

Ukishakuwa na wazo, usiite ekskaveta, nunua chokaa. Mfuko mmoja na kamba ndefu. Chora feawei mpya, ile njia ya nyasi kati ya tii na grini, chora banka, chora ukingo wa grini pale chini kwenye nyasi. Kata nyasi kufuata mstari wa chokaa, chimba shimo la muda, weka bendera, watu wacheze. Tulicheza hivyo wiki sita. Wiki ya kwanza malalamiko matupu, ya tatu wakaanza kubishana njia ya kulia au ya kushoto, hapo nikajua tumefika. Kwenye wiki ya nne tukagundua banka moja tuliyoichora haina kazi, hakuna mpira uliofika hapo hata mmoja, tukaifuta kwa buti. Kufuta banka ya chokaa ni bure, banka iliyochimbwa ukitaka kuifuta utalia.

Miti ndiyo ilileta maneno. Mikaratusi iliyopandwa zamani kati ya la nane na la tisa inanyonya maji ya grini, kivuli chake asubuhi kinaacha nyasi na umande mpaka saa nne, na majani yanaanguka mwaka mzima. Ikaondoka kumi na moja. Lakini mgrevilea mmoja bibi yangu aliupanda siku baba alipozaliwa, na huo hata ungekuwa katikati ya grini usingekatwa. Tukaupa kazi, sasa ndio unaolinda kona ya kushoto ya la tisa, ukitaka kufupisha njia lazima uupite juu au uuzunguke. Ukiwa na mti wa namna hiyo upange shimo kwa kuuzunguka mapema kabisa. Na kabla hujapakia magogo kwenye lori nenda ofisi ya misitu uchukue karatasi zako, usikamatwe njiani na mzigo wako halali.

Haya, grini. Hapa ndipo ukikosea utateseka miaka ishirini kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile wanayofuata USGA, chama cha gofu cha Marekani: unachimba, unalaza mabomba ya kutoa maji, juu yake kokoto sentimita 10, halafu mchanganyiko wa mchanga sentimita 30. Kwa grini ya mita za mraba 500 piga hesabu: mchanganyiko mita za ujazo 150, kokoto 50, tipa ya mita 10 inakuja mara ishirini. Kwenye barabara yetu ya matope, kupanda mlima. Njia ya pili ni ya wazee, unasukuma udongo ulio nao, unaupa umbo, unaweka mabomba machache penye bonde, halafu unaupa mchanga mwembamba juu juu, milimita 3 hivi, kila baada ya wiki chache mpaka tabaka lijengeke lenyewe. Kipi ufuate? Uliza udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yaishe, jaza tena, halafu pima na rula yanashuka kiasi gani kwa saa. Udongo wetu mwekundu wa volkano ulishusha sentimita 9 kwa saa, nikaenda na njia ya wazee bila kusita. Kama wewe uko kwenye ule udongo mweusi wa tambarare, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka mpaka mkono unaingia wakati wa kiangazi, usijaribu, utavunja mabomba na grini itakuwa na mawimbi, huko tafuta pesa ya kokoto au inua grini yote juu kwa udongo wa kuleta.

Udongo wa kujazia uweke kwa matabaka ya sentimita 20 au 30, mwagia, shindilia, ndio uweke tabaka lingine. Halafu acha mvua moja kubwa ipige kabla ya kumalizia umbo. Sisi tuliacha, na kona moja ya nyuma ilishuka sentimita 6. Afadhali ilishuka ikiwa tope kuliko ikiwa na nyasi.

Mteremko usiupime kwa macho, huku milimani macho yanadanganywa na kilima cha nyuma. Chukua rula ya mita moja na levo ya fundi wa uashi, weka rula chini, inua upande wa chini mpaka kipovu kikae katikati, pima pengo. Sentimita 2 kwa mita ni asilimia 2, hapo bendera inakaa vizuri. Mpaka 3 sawa. Ikifika 4 na grini ikikatwa fupi, mpira hausimami, mtu anapati, yaani anausukuma mpira polepole kuelekea shimoni, na mpira unamrudia miguuni, na shimo la mwisho likimfanyia mtu hivyo mbele ya baraza nzima hatarudi. Tafuta angalau sehemu tano au sita zilizo kati ya 1.5 na 3, kila moja pana hatua tano kila upande. Pembeni na katikati ya hizo sehemu unaweza kuinua kadiri roho inavyopenda. Baada ya hapo mwaga ndoo za maji juu ya umbo tupu, simama, angalia. Maji yatoke kwa njia mbili au zaidi, na hata tone moja lisielekee pale watu wanapopanda na kushuka. Mimi nilifanya na watoto wa kedi, kila mmoja na ndoo yake, tukimwaga kwa zamu, wakawa wanashangilia maji yanapokimbilia, na mmoja wao, msichana wa darasa la tano, ndiye aliyeonyesha kidimbwi kidogo nyuma ya sehemu ya bendera ya kushoto ambacho sote watu wazima tulikipita.

Nyasi za grini chukua kwenye kitalu chako mwenyewe, ulichokianzisha mwaka mmoja kabla kwa vipandikizi vya grini zako nzuri, ili grini mpya isiwe na rangi na mwendo tofauti na zile nane nyingine. Na jihadhari na nyasi ya kikuyu. Kwenye feawei ni baraka, imezaliwa nyanda hizi hizi za juu, jina lenyewe limetoka hapa, mpaka Los Angeles kwenye uwanja wa Riviera wanacheza juu yake. Lakini ikiingia kwenye grini haitoki. Acha ukanda wa nyasi nyingine wa mita moja na nusu kuzunguka grini, na kila wiki mbili mtu apite na jembe kali akikata mizizi inayotambaa. Kila wiki mbili, sio ukikumbuka.

Banka tuliweka mbili tu kwenye la tisa. Kila banka ni mtu wa kuiparua asubuhi, ni mabomba, ni mchanga wa kununua, na mvua ya Aprili inashusha udongo mwekundu ndani yake usiku mmoja ikawa kama chai ya maziwa. Kwa hiyo inue ukingo wa juu ili maji ya mlimani yapite pembeni, na mchanga sakafuni utoshe sentimita 10. Hapa ndio tuliumia. Muuzaji mmoja alituletea mchanga wa mto, tipa nne, unang'aa vizuri juani, tukalipa, tukamwaga. Mvua mbili ukawa sakafu, mpira unadunda kama juu ya saruji. Tungefanya kipimo cha chupa tungejua siku ile ile: jaza mchanga nusu ya chupa ya jamu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, acha usiku kucha juu ya meza. Asubuhi ukiona tabaka la matope juu ya mchanga nene kuliko kidole chembamba, tipa irudi ilikotoka. Sasa tunafanya kwa kila tipa, hata kama dereva ana haraka.

Bwawa usipanue kimya kimya. Kenya unaanzia NEMA kwa mambo ya mazingira na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa kibali, Tanzania NEMC na bodi ya bonde lako. Inachukua muda, kwa hiyo karatasi zitangulie msimu mzima kabla ya mashine. Kingo zilale, hatua tatu mbele kwa kila hatua moja kwenda chini, ili mtoto au ndama akiteleza aweze kutoka. Upande wa feawei tuliacha nyasi ndefu mita mbili kabla ya maji, inazuia mpira unaozunguka polepole na inazuia mbolea kuingia bwawani.

Ratiba inaamuliwa na mvua. Udongo usogezwe Januari na Februari kukiwa kukavu, vipandikizi viingie mwishoni mwa Machi masika yakianza ili mvua ikusaidie kumwagilia. Kwenye baridi yetu grini ilichukua karibu miezi mitano kufaa kuchezwa, pwani ingekuwa haraka zaidi. Msifunge mashimo matatu kwa mpigo, wanachama watahama na wakihama wanazoea kwingine. Shimo moja kwa kiangazi kimoja, lile linalojengwa lina grini ya muda iliyokatwa vizuri kwenye feawei, na ubao pale klabu wenye picha mpya kila wiki. Picha zilisaidia kuliko nilivyotegemea, watu walianza kuja katikati ya wiki kuangalia tu ekskaveta.

La nane, ambalo ni paa 3, hatukuligusa sana. Tulishusha tii ya mbele ivuke mtaro, tukang'oa vichaka vilivyofunika nusu ya grini, tukapanua grini kwa kukata tu, manake ukingo wake wa zamani ulikuwa umemezwa na nyasi miaka mingi. Chomeka bisibisi ardhini kuzunguka grini zako za zamani, utahisi mchanga wa wazee unaishia wapi. Ya kwetu ilikuwa imepungua karibu theluthi moja bila mtu kujua.

Grini mpya ikifunguliwa, mwezi wa kwanza usikate chini ya milimita 6, bendera ihame kila siku, na isikae kwenye ule ukanda wa mbele watu wanapoingilia. Vijana wa mashine watataka kuonyesha grini ya kasi siku ya ufunguzi. Wakatalie kwa upole.

Sasa limebaki la saba. Nimeshakata mianzi, rangi ipo stoo, kedi wanaanza kuchomeka vijiti wikendi ijayo, na baba mdogo kashaniuliza mara mbili kama udongo wa pale hautatosha kisiwa kidogo.